Saa 12 ya kwenye mkataba wa gari ya kukodi ni saa ngapi?

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wenzako wote hapo gazetini. Naandika nikiwa na uchungu ila nitajitahidi niende taratibu ili nieleweke.

Mwezi uliopita shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikodi kigari kidogo kwenda Morogoro kupeleka posa ya mdogo wake wa kiume, siku 2 tu. Akarudi na taa ya nyuma imepasuka, na kosa lake hakatai, alikuwa anarudi rivasi usiku akagusa nguzo ya geti. Taa pamoja na kazi ya fundi ikawa Sh 180,000, akalipa bila maneno. Tukajua yameisha. Baada ya siku 9 anapigiwa simu na ofisi iliyomkodisha aongeze Sh 720,000. Za nini? Eti gari imekaa gereji siku 9 na kila siku inayokaa bila kukodishwa mwenye gari anapoteza Sh 80,000, zidisha mara 9. Na kweli kwenye mkataba imeandikwa, ukurasa wa tatu, kwa kingereza, maandishi madogo kama ya kwenye karatasi za dawa, na sahihi ya shemeji ipo pale chini. Mi nikamuuliza fundi wetu wa mtaani, taa ya nyuma ya gari kama ile kubadilisha inachukua muda gani, akaniambia kama taa unayo mkononi ni kazi ya nusu saa, kama huna nenda Kariakoo asubuhi mchana imeshafungwa. Sasa hizo siku 9 zimetoka wapi jamani? Na shemeji ni mwalimu, hiyo 720,000 anailipa kidogo kidogo mpaka leo kwa sababu kitambulisho chake cha taifa kimeshikiliwa kule ofisini kwao.

Hiyo ndio imenifanya nishike simu niandike, maana na mimi yalinikuta mwaka 2019 na nilikaa kimya, nikasema yangu yamepita. Naona kukaa kwangu kimya hakukumsaidia mtu.

Ilikuwa mwezi wa 8 mwaka 2019, arobaini ya baba yetu mzazi, Lushoto. Tuko ndugu 5 hapa Dar na watoto, basi ni ghali na tunabeba vyombo, tukasema tukodi Noah, kaka ataendesha. Bei Sh 120,000 kwa siku, dipoziti Sh 400,000, mafuta juu yetu. Tukachukua gari Ijumaa saa 1 jioni kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, giza limeshaingia, yule kijana aliyetuletea anaharaka, anaizunguka gari na tochi ya simu anasema iko safi mama, iko safi, saini hapa na hapa na hapa. Nikasaini. Kichwani nina msiba, watoto wanalia njaa, nani ana muda wa kusoma kurasa 3 za kingereza.

Kurudisha ilikuwa Jumapili. Kwenye karatasi imeandikwa Sunday 12:00. Mi nimekuzwa na Kiswahili, mtu akiniambia Jumapili saa 12 kwa safari ya kutoka Lushoto naelewa saa 12 jioni, jua linazama, na kaka naye alielewa hivyohivyo, tukajitahidi tukafika Dar saa 11 jioni tukafurahi tumewahi. Kumbe kwa wenzetu 12:00 ni saa 6 mchana. Tumechelewa masaa 5. Kwa hiyo tunalipa siku nzima ya tatu, Sh 120,000.

Hapo naomba wasomaji waniangalie vizuri hesabu. Tulichukua Ijumaa saa 1 jioni, tumerudisha Jumapili saa 11 jioni. Ni masaa 46. Tulilipia siku 2, yaani masaa 48. Hata hayo tuliyolipia hatukuyamaliza! Lakini wao siku yao haihesabiwi kwa masaa 24 tangu unapochukua, inahesabiwa kwa namna yao, Ijumaa jioni mpaka saa 6 mchana ya Jumamosi ni siku, Jumamosi mpaka Jumapili mchana ni siku, baada ya hapo unaingia siku nyingine. Hakuna aliyetuambia. Kwa mdomo walisema siku 2, na mtu wa kawaida akiambiwa siku 2 anajua ni siku 2.

Ya pili ikawa kilomita. Kumbe mkataba unaruhusu kilomita 200 kwa siku na kila inayozidi ni Sh 500. Sisi tulitembea kilomita 790, kwenda na kurudi Lushoto peke yake ni 700 na ushee, ukiongeza kwenda sokoni Mombo na kuwazungusha wazee waliokuja kwenye kisomo. Na wao walijua tunaenda Lushoto, tuliwaambia kabla hatujatoa hata senti. Wakatoa 400 kwenye 790, ikabaki 390, mara 500, Sh 195,000.

Nilivyotulia nyumbani na kalamu ndio nikaona kitu ambacho mpaka leo kinaniuma kuliko vyote. Hiyo siku ya tatu waliyonitoza, mbona haina kilomita zake 200? Kama nimelipia siku 3 basi nina haki ya kilomita 600, iliyozidi ni 190, ni Sh 95,000 sio 195,000. Kwenye kuchukua hela ni siku 3, kwenye kunipa haki yangu ni siku 2. Laki nzima imepotea kwenye mstari mmoja wa hesabu, na mtu uliyechoka na safari umesimama pale na watoto huwezi kuiona.

Afu mkwaruzo kwenye bampa ya mbele upande wa kushoto, Sh 250,000. Kuosha gari, Sh 20,000. Faini za trafiki mbili, kipindi kile ilikuwa Sh 30,000 kila moja, Sh 60,000. Jumla Sh 645,000. Wakachukua dipoziti yote ya 400,000 na bado wananidai 245,000, na kitambulisho changu wamekishika. Nikakopa kwenye kikoba nikalipa, maana Jumatatu nilikitaka kitambulisho kwa mambo ya mirathi.

Wiki 2 baadae mtoto wa dada anaangalia picha kwenye simu, kuna moja alipiga pale kituo cha mafuta tukiwa tunapakia masufuria kabla hatujaondoka, watoto wamesimama mbele ya Noah, na ule mkwaruzo unaonekana wazi nyuma ya mguu wa mtoto. Tarehe na saa vipo kwenye picha. Nikampelekea mwenye ofisi, akaona, akakaa kimya siku 4, akanirudishia 150,000 akasema tumalizane hivyo. Mi nikakubali. Sikutakiwa kukubali, ila nilikuwa nimechoka na sikujua pa kwenda.

Na zile faini, jirani yangu mmoja akanielekeza kwamba polisi wa usalama barabarani wana mfumo wao wa mtandaoni wa TMS, unaingiza namba ya gari unaletewa madeni yake yote, na tarehe na mahali kosa lilipofanyika. Faini moja ilikuwa yetu kweli, kaka alipigwa tochi ya kupima mwendo Mkata kwenye kibao cha 50, hiyo halali tulipe. Ya pili ni ya mwezi wa 7. Tarehe ile baba alikuwa bado hai tena anatembea na mguu wake, sisi hiyo gari tungeijulia wapi! Nilivyowaambia wakasema hela imeshaingia kwenye mfumo haiwezi kutoka.

Sasa nieleze niliyojifunza, maana toka 2019 nimekodi gari mara 4 zingine na sijatozwa tena hata shilingi ya uonevu, na sio kwamba nilikutana na watu wema zaidi.

Kitu cha kwanza kabisa, usichukue gari usiku. Ukiniuliza kwenye barua hii yote ushike kitu gani nitakwambia hicho. Kama safari ni alfajiri, lipa ichukue jana yake saa 10 jioni jua lipo, hata wakikuongezea nusu siku ni afadhali. Usiku huoni mkwaruzo, huoni rimu iliyogongwa, huoni kioo cha mbele kama kina kidoa cha jiwe, na hicho kidoa ukiendesha kwenye baridi ya mlimani na joto la Chalinze kinatembea kinakuwa ufa wa kioo kizima, kioo ni hela. Izunguke gari na yule aliyekuletea akiwepo, washa video ya simu, anza na namba ya gari, zunguka pole pole, inama chini ya bampa zote mbili, rimu zote 4, saiti mira, taa, paa, ingia ndani piga viti na dashbodi ikiwa imewashwa ili kilomita na geji ya mafuta vionekane, na kama kuna taa ya injini inawaka ionekane pia. Sema kwa sauti leo ni tarehe fulani saa fulani na huyu hapa ndugu fulani ndio ananikabidhi. Wengine wanaona aibu kufanya hivyo, wanaona kama wanamwita mwenzao mwizi. Mi nawaambia kabisa kaka angu hii inatulinda mimi na wewe, na nikimaliza namtumia hapohapo WhatsApp ili na yeye awe nayo, sijawahi kumuona aliyekasirika. Siku ya kurudisha fanya video nyingine ileile, na usiondoke mpaka mtu aikague ukiwepo akuandikie imepokelewa salama. Kuacha ufunguo kwa mlinzi getini ndio unaambiwa kesho yake gari ina shimo ubavuni.

Fungua na buti. Tairi ya spea ipo? Ina upepo? Jeki, wili spana, pembetatu, mtungi wa kuzimia moto. Mtungi na pembetatu ni vitu trafiki anakuuliza barabarani, visipokuwepo unaandikiwa wewe dereva wakati kuviweka ni kazi ya mwenye gari. Na siku ya kurudisha ukiambiwa jeki haipo na hukuiangalia mwanzo, utanunua jeki.

Pale pale kabla hujatoa hela ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi piga picha ya skrini ya madeni yaliyopo. Fanya hivyo pia kwa deni la maegesho la TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kwa sababu nalo linatembea na namba ya gari, sio na jina la dereva. Deni lililokuwepo kabla yako linajulikana, lililokuja ndani ya siku zako unalipa wewe na ni haki.

Mafuta kwangu sio ishu kubwa, ulivyopokea ndio urudishe hivyo, geji kwa geji. Ila ukirudisha pungufu wasikutoze bei ya kichwani mwao, EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hesabu lita zidisha na bei.

Sasa kwenye bima nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo shemeji alipoumia. Aliuliza, gari ina bima? Akajibiwa ina bima. Ni kweli ilikuwa nayo, ila bima ndogo, ile ya kulipa mtu mwingine utakayemuumiza wewe barabarani. Bima ndogo haitengenezi gari uliyonayo, hata ikiungua yote. Kwa hiyo swali la ina bima au haina bima halitoshi, uliza ni kubwa au ndogo, na uliza imekatwa kwa matumizi gani. Hizi gari za kukodi bila dereva nyingi nilizochukua mimi zina namba ya njano, yaani zimesajiliwa kama gari za mtu binafsi, bima yake nayo ni ya matumizi binafsi, siku mmekwaruzana na mtu kampuni ya bima ikigundua ilikuwa imekodishwa kwa biashara inaweza kukataa kulipa, na mzigo wote unashuka kwa aliyeshika usukani. Stika unaweza kuihakiki mwenyewe kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ni bure na ni dakika moja. Na hata bima ikiwa kubwa kuna kile kiasi cha mwanzo ambacho bima haikilipi, wanaita ekses, huwa ndio mkodishaji anakudai wewe. Sawa, lakini kiwe kimeandikwa ni shilingi ngapi, na kama uharibifu ni wa 100,000 na ekses ni 500,000 basi unalipa 100,000, sio 500,000. Nimeshasikia watu wanatozwa ekses nzima kwa mkwaruzo wa kufuta na polishi.

Mtu akikudai matengenezo mwambie akuonyeshe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya gereji na ya duka la spea. Sio karatasi ya mkono iliyoandikwa bampa 250,000 basi. Nani alipiga rangi, wapi, lini? Kwenye ile Noah yangu mpaka leo siamini kama bampa iliwahi kupigwa rangi, nafikiri ule mkwaruzo umelipiwa na wateja wengi.

Halafu hizi adhabu za kwenye mkataba. Wengi tunaamini tukishasaini tumekwisha, chochote kilichoandikwa tunalipa. Binamu yangu aliyesoma sheria alinikalisha chini akanieleza kuhusu Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, kwamba hata kama mkataba umetaja kiasi cha kulipa pale mtu atakapouvunja, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kadiri isiyozidi kiasi kile kilichotajwa, maana yake kilichoandikwa ni mwisho wa juu, sio kwamba lazima ulipe chote. Na kifungu cha 73 kinataka iangaliwe pia njia alizokuwa nazo huyo mtu za kupunguza hasara yake mwenyewe. Kwa hiyo mwenye gari anayeiacha gari gereji siku 9 kwa taa ya nusu saa, hizo siku 8 zingine ni uzembe wake au wa fundi wake, shemeji yangu anaingiaje hapo? Kuna na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayosimamiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, nayo inagusa mambo ya kumlinda mlaji na hii mikataba ya kuchapishwa tayari ambayo mteja hawezi kubadilisha hata nukta. Na kama hela yenyewe sio nyingi ya kuweka wakili, Mahakama ya Mwanzo ipo na kule unaongea Kiswahili chako. Binamu ndio ameanza kumwandikia shemeji barua ya madai, tutaona.

Na hapo kwenye Kiswahili ndio nilipotaka kufika. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Hakimu anaandika hukumu kwa Kiswahili, halafu mtu wa Tabata anamkodisha mtu wa Ubungo gari ya kwenda msibani kwa mkataba wa kingereza wa kurasa 3! Mimi mwenyewe kingereza nasoma, nimefanya kazi ofisini miaka 17, lakini kusoma mkataba usiku umesimama na kusoma barua ya kazi ni vitu viwili. Na hiyo saa 12 isingenigharimu 120,000 kama ingeandikwa saa 6 mchana. Naomba FCC waliangalie hili, mkataba wa kukodi gari kwa mwananchi wa hapa uwe kwa Kiswahili, na malipo yote yanayoweza kutokea yawe ukurasa wa kwanza kwa maandishi ya kusomeka, siku inaanza saa ngapi inaisha saa ngapi, kilomita ngapi, kila ya ziada bei gani, dipoziti inarudi baada ya siku ngapi. Isionekane ni kitu kikubwa sana, hata Ulaya mwanzoni mwa 2019 Tume ya Ulaya na mamlaka za walaji za nchi zao zilitangaza kwamba kampuni 5 kubwa za kukodisha magari, Avis, Europcar, Enterprise, Hertz na Sixt, zimebadilisha namna zinavyoonyesha bei ili mteja aone jumla yote anayotakiwa kulipa na aelezwe bima waziwazi. Huko kampuni ni kubwa hivyo na waliweza kukaa nazo, watu wetu wa gari 5 au 6 kweli watashindikana?

Sitaki ionekane nawachukia wakodishaji. Nawajua wengine, ni watu waliokopa wakanunua gari moja, akaipata mteja akapotea nayo wiki, au akaiweka rehani, au akairudisha injini imeungua haina maji na wala hakupiga simu. Dipoziti ni haki yao. Traka kwenye gari ni haki yao, mi hata siulizi. Kikomo cha kilomita nacho naona ni haki kabisa, gari inachakaa kwa kutembea, ila niambie kwa mdomo mama unakoenda ni kilomita 700 na kwetu kikomo ni 400 kwa hiyo andaa laki na nusu zaidi, nitakaa nipige hesabu, labda nitachukua gari kwa siku 3 au tutapanda basi. Kinachoniumiza ni kumsubiri mtu arudi amechoka ndio umfungulie ukurasa wa tatu.

Kitambulisho pia. Usiache kitambulisho chako cha taifa wala leseni, acha kopi. Wakikataa kabisa tafuta gari kwingine hata kama ya huko ni ghali kidogo, kwa sababu kitambulisho kikishabaki mezani kwao huna tena nguvu ya kubishana, unalipa tu ili ukipate, kama nilivyolipa mimi na kama anavyolipa shemeji. Na hela tuma kwa simu kwenye namba yenye jina la ofisi au la mwenye gari mwenyewe, dipoziti na kodi tuma mara mbili tofauti ili meseji zijitenge, usimpe dalali mkononi. Dalali ukimtafuta wiki ijayo simu haipatikani na mwenye gari anakwambia dipoziti mimi sikuiona.

Mwaka jana Desemba tulienda tena Lushoto, harusi safari hii, nikapata gari kwa mzee mmoja Kimara ana Noah 2. Nilikuwa nimeandika karatasi yangu kwa mkono kwa Kiswahili, upande mmoja tu: tunachukua Ijumaa saa 10 jioni, tunarudisha Jumatatu saa 10 jioni, siku moja ni masaa 24, tukichelewa chini ya masaa 2 hakuna malipo, zaidi ya hapo kila saa elfu 10 mpaka ifike bei ya siku, kilomita 800, faini za tarehe hizi ni zetu na za nyuma ni zake, mkwaruzo mpya unalipwa kwa risiti, siku za gereji mwisho 2, dipoziti inarudi ndani ya siku 3 kwa simu. Chini nikachora gari kwa juu na ubavuni, michoro ya kitoto tu, nikaweka alama ya kila mkwaruzo tulioukuta, ilikuwa 11. Mzee akaisoma yote akiwa amevaa miwani yake, akabadilisha sehemu moja tu, kilomita kutoka 800 kwenda 750, nikamkubalia, tukasaini wote na mwanawe akawa shahidi. Tulirudisha Jumatatu saa 9 na dipoziti ilirudi jioni ileile kabla sijala. Wiki iliyopita nimempigia kumuulizia gari kwa ajili ya shemeji mwingine, akaniambia mama ile karatasi yako nimeitoa kopi 50, ndio natumia kwa wateja wote siku hizi, ila mchoro wa gari kijana wangu ameurekebisha.

Wenu msomaji,
Mama wa Tabata,
Dar es Salaam